Mtoto mwenye usonji na michezo ya kundi: tunayoamini na yaliyo kweli

Jioni watoto wanacheza rede mtaani. Mmoja amechuchumaa kando ya ukuta, anazungusha kifuniko cha chupa ya soda, na mtu mzima anayepita anasema lile ambalo wengi wetu tumelisikia: mwacheni huyo, hapendi watu. Nimefundisha watoto wadogo kwa miaka kadhaa, na kauli hiyo ndiyo imenifanya niandike haya.

"Hapendi watu, anapenda kuwa peke yake"

Wapo wanaopenda kukaa peke yao, kama walivyo watu wengine. Lakini watoto wengi wenye usonji (autism, yaani ubongo unaopokea sauti, watu na mazingira kwa namna tofauti), na wale wenye ADHD ambao mwili na mawazo havitulii, wanatamani wenzao. Kinachowashinda ni mchezo wenyewe. Itazame rede: mpira unatoka pande mbili, kelele, vumbi, sheria zinabadilishwa katikati kwa ubishi, na aliye kati ndiye anayelengwa. Mtoto ambaye kelele humuumiza, au anayehitaji muda kidogo kujua zamu ni ya nani, atajitoa. Ila angalia alipokaa na kifuniko chake: hatua chache tu kutoka kwa wenzake. Hakwenda nyuma ya nyumba.

"Afundishwe kwanza peke yake, akishajua kuishi na watu ndipo aingie kundini"

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, tena kwa watu wenye nia njema kabisa. Mtoto anakaa mezani na mtu mzima, anafundishwa kusalimia, kusubiri zamu, kuomba kitu. Anajua yote. Akifika uwanjani hakuna anachokitumia, kwa sababu watoto wenzake hawachezi kama yule mtu mzima mpole wa mezani.

Mwanasaikolojia Daniel LeGoff alipokuwa akifanya kazi Honolulu, Hawaii, aliwakuta watoto wawili aliokuwa akiwahudumia wamekaa pamoja kwenye chumba cha kusubiri. Kila mmoja alikuwa amekuja na matofali yake ya Lego, vile vipande vidogo vya plastiki vya kuunganisha, na sasa walikuwa wakionyeshana na kuongea kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona alipokuwa na mmoja mmoja. Kutokana na hilo alitengeneza utaratibu wa kucheza kwa makundi madogo, na mwaka 2004 akachapisha matokeo ya watoto 47 waliofuatiliwa kwa wiki 12 na 24: walianza wenyewe kuwafuata wenzao mara nyingi zaidi, na wakadumu nao kwa muda mrefu zaidi.

Kuna jingine linalonigusa hata kuliko hilo. Mwaka 2012 Connie Kasari na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto 60 wenye usonji waliokuwa wakisoma madarasa ya kawaida. Baadhi walifundishwa na mtu mzima, mmoja mmoja. Kwa wengine waliofundishwa ni wanafunzi wenzao: namna ya kumwona mtoto anayebaki pembeni uwanjani na kumvuta kwenye mchezo. Walioingia zaidi katika urafiki wa darasa ni wale ambao wenzao walifundishwa. Kwa hiyo tunaposema "stadi za kuishi na watu", tuulize pia wale watu wanazo kiasi gani.

"Basi mkalishe na wenzake, atazoea"

Hatazoea. Atakaa karibu nao akicheza vyake, au atachokozwa mpaka alie.

Siri ya ule utaratibu wa Lego haiko kwenye plastiki. Iko kwenye mgawanyo wa kazi. Mhandisi ana picha ya kitu kinachojengwa, anaeleza kwa maneno wala hagusi tofali. Mgavi anatafuta kipande kilichotajwa na kukitoa. Mjenzi anaunganisha. Baada ya muda wanabadilishana. Hakuna anayeweza kumaliza bila wawili wengine, na kila mmoja anajua lini anahitajika na kwa lipi. Mtoto aliyesumbuka kubahatisha watu wanataka nini sasa hahitaji kubahatisha.

Darasani kwetu hayo matofali hatuna, bei yake ni kubwa. Tunatumia maboksi, vifuniko na waya, na kazi ni zilezile tatu: gari la waya linahitaji anayeeleza, anayeleta na anayekunja. Kundi liwe la watoto watatu au wanne. Wakigombana, mtu mzima asikimbilie kuamua. Awaambie tu kwamba kuna tatizo, kisha awaache walitafutie dawa. Hapo ndipo wanapojifunza.

"Akianza kukutazama machoni, amefanikiwa"

Hili lilinishangaza tangu nilipolisikia mara ya kwanza. Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto anayemkodolea macho mkubwa anaposemeshwa huitwa hana adabu. Leo tunamlazimisha mwenye usonji kufanya hilohilo kwa jina la maendeleo. Watu wazima wenye usonji wamekuwa wakieleza wazi jinsi kuigiza tabia za wengine siku nzima kunavyowachosha na kuwavunja moyo. Kama mtoto ameshika tofali sahihi kwa wakati sahihi huku akiangalia sakafu, amesikiliza.

"Wenye usonji wakicheza wao kwa wao hawatajifunza kitu"

Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu wazima walipokezana hadithi, mmoja hadi mwingine. Mnyororo wa wenye usonji watupu ulihifadhi habari sawasawa na ule wa wasio na usonji. Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alishaandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Mchanganye na wengine, ndiyo, lakini usimnyime wa aina yake.

"Mchezo huu utamponya"

Usonji si ugonjwa wa kupona. Jaribio kubwa la ule utaratibu wa Lego shuleni huko Uingereza, la watoto 250 na vipindi 12 vya dakika 45, lilionyesha badiliko dogo katika stadi zao. Dogo, na lipo. Anayekuuzia muujiza usimlipe.

"Huyu hata hasemi, atachezaje?"

Mgavi hahitaji maneno, anahitaji macho na mkono. Mhandisi asiyesema anaweza kuonyesha kwa kidole kwenye picha. Na kwenye ukuti ukuti, duara linapongoja kutetemeka, mpe yeye kazi ya kutoa ishara. Wote watakaa kimya wakimsubiri ainue mkono.