Pasaka Haisogezwi na Mtu

Kila Kwaresima ikikaribia, hapa ofisi ya parokia nasikia yaleyale: "Katekista, mwaka huu Pasaka wameisogeza." Wameisogeza akina nani? Wengine humtaja Papa, wengine serikali, na wachumba waliokwisha kulipia ukumbi hunitazama mimi.

Hakuna anayekaa kikao. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe siku moja, na kanuni iliyoshika ni hii: Dominika (Jumapili) inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Ndiyo maana Pasaka haitangulii Machi 22 wala haipiti Aprili 25. Ukitaka ya mwaka 2038 nakupa sasa hivi: ni hiyo Aprili 25. Nadhani kinachowachanganya wengi ni tangazo la sikukuu linalosomwa siku ya Epifania, sikukuu ya Tokeo la Bwana mwezi Januari. Wakisikia tarehe inatangazwa, hudhani ndipo imeamuliwa.

Halafu wako wajuzi nusunusu, na hawa ndio wanaonichosha kuliko wote. Kanuni wameisikia, basi usiku wanatoka nje kuutazama mwezi. Mwaka 2019 walinijia juu: mwezi umepevuka alfajiri ya Machi 21, mbona Pasaka si Machi 24? Kwa sababu Kanisa halitazami angani. Linafuata mwezi unaohesabiwa kwa majedwali, ambayo msingi wake ni mzunguko wa mwezi wa miaka 19, na ambayo yalirekebishwa mwaka 1582 chini ya Papa Gregori XIII. Hata hiyo Machi 21 ni tarehe iliyowekwa tu kuwakilisha siku jua linapovuka ikweta. Jua lenyewe mara nyingi huvuka ikweta Machi 20. Sasa, kwa majedwali, mwezi ule ulipevuka Machi 20, siku moja kabla ya mpaka, kwa hiyo haukuhesabika. Uliofuata ukawa wa Alhamisi, Aprili 18, na Pasaka ikaangukia Aprili 21. Mawingu ya Bukoba hayana kauli katika jambo hili.

Waorthodoksi nao hawajakosea tarehe. Wanafuata kalenda ya Juliasi, ile ya kabla ya marekebisho ya 1582, na majedwali yake ya kale: mwaka 2024 wao walisherehekea Mei 5, sisi Machi 31, mwaka 2025 sote tukakutana Aprili 20. Wala si lazima tulingane na Wayahudi. Mwaka huohuo wa 2024 Pasaka yao ilianza jioni ya Aprili 22, sisi tumeshakula pilau wiki tatu nyuma.

Kwaresima ukiihesabu mpaka Jumamosi Kuu unapata siku 46? Toa Dominika sita, zinabaki 40. Na tafadhali, hakuna "Misa ya Ijumaa Kuu". Ipo ibada ya Mateso, na Komunyo mnayopokea iliwekwa wakfu Alhamisi Kuu jioni.

Mayai ya Pasaka si uchawi. Ulaya ya zamani yalikatazwa wakati wa mfungo, lakini kuku hawakufunga, basi Pasaka ikifika yamejaa nyumba nzima. Sungura anayesemekana kuleta mayai hayo ni desturi ya Wajerumani, imeandikwa tangu 1682. Mtoto akimtaka wa chokoleti, mnunulie.

Wachumba, kabla ya kulipa arubuni ulizeni kwanza kalenda ya liturujia. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, ni Februari 10 na Pasaka ni Machi 28. Kwa hiyo ukumbi wa Jumamosi ya Machi 27, hata wakiwapunguzia bei nusu, waachieni wenyewe: ni Jumamosi Kuu, na ndoa siku hiyo haifungwi.