Baraza limeamua: nani hasa, na lini?

Pale Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, baraza ni kile kikalio cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, wazee hukaa baada ya alasiri na kahawa chungu ikazunguka. Jambo likifika hapo kila mtu husema lake, mzee mmoja hulifunga, na watu huondoka wakijua limeamuliwa nini na nani alikuwapo. Neno hilohilo tumelipa kazi ya pili, ya kuutawala mji, na hapo ndipo tunapopotezwa. Tukisikia "baraza limeamua" kuvunja nyumba kuukuu au kutia kabro njia ya mtaa, tunawaona akilini watu waliokaa pamoja siku moja wakakubaliana. Ukumbi wa namna hiyo upo, na kura hupigwa humo. Ila uamuzi wenyewe aghalabu huwa umekwisha kukatwa kabla mtu hajavuta kiti.

Tena baraza lenyewe, kwa jina lake la zamani, halipo. Mpaka uchaguzi wa Machi 2013 Mombasa ilikuwa na manispaa, madiwani, na meya ambaye madiwani walimchagua miongoni mwao. Juu yao alikuwako Waziri wa Serikali za Mitaa, Nairobi, na bila idhini yake hata sheria ndogo za mji hazikuwa na nguvu. Katiba ya 2010 iliufuta mpango huo. Sasa kuna serikali ya kaunti yenye pande mbili. Upande mmoja ni gavana na mawaziri wake wa kaunti, ndio watendaji. Upande wa pili ni bunge la kaunti, lenye wawakilishi waliochaguliwa kutoka wadi 30, tangu Timbwani mpaka Shanzu, pamoja na wale wa kuteuliwa. Karibu kote kwingine nchini, ukiitoa Nairobi, mji ni kipande tu cha kaunti. Hapa mipaka ya mji na ya kaunti ni ileile, kwa hiyo anayesema "manispaa" mwaka huu anakosea jina tu.

Basi "uamuzi wa baraza" ni nini? Ni mlolongo wa maamuzi madogo: mpango, bajeti, idhini, tenda. Kila kimoja kina mwenyewe na kina tarehe yake. Raia huwa tunaona kile cha mwisho, tingatinga, nasi tukaanza kuuliza maswali ya kile cha kwanza.

Tuanze na mpango. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema hakuna fedha ya umma itakayotengwa nje ya mpango. Ni kauli fupi lakini ndiyo inayobeba kila kitu. Kila kaunti huandika mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano. Huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mtaro wako wa maji ya mvua usipokuwa na mahali pa kuingilia ndani ya kitabu hicho, mwakilishi wadi anaweza kukuahidi mpaka sauti imkauke. Hana pa kuuandika.

Kutoka kwenye mpango wa miaka mitano hukatwa mpango wa mwaka, ambao unatakiwa uwe umefika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Kufikia mwisho wa Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, unaopanga kila idara itapata kiwango gani: barabara hiki, nyumba hiki, afya hiki. Tarehe 30 Aprili ndipo makadirio ya bajeti huwasilishwa, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Magazeti na redio huamka Aprili na Juni. Mtu hufunga safari mpaka bungeni Juni akitaka mtaro wa Mtopanga uongezwe, na hajui kwamba mlango ulikuwa wazi tangu Septemba na ukaanza kufungwa Februari. Wakati huo bunge haliwezi kuongeza shilingi mahali pamoja bila kuipunguza mahali pengine. Ili mtaro wako uingie, lazima taa za barabarani za mtaa mwingine zitoke, na mwakilishi wa mtaa huo yumo humohumo ukumbini, anakusikiliza.

Haya, mtaro umepita. Kupita si kujengwa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, lakini fedha hizo hutoka kwa mgao wa kitaifa, ambao huchelewa, na kwa mapato ya kaunti yenyewe: ada za maegesho, vibali vya biashara, kodi za ardhi. Mapato yakipungua, mishahara haisubiri. Mtaro ndio husubiri. Tena hakuna pesa inayotoka benki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi ya kitaifa. Ndiyo maana utakuta mradi uleule kwenye bajeti tatu mfululizo, kama mgeni anayeaga haondoki.

Juu ya hayo kuna swali ambalo huku kwetu lina uzito kuliko miji mingine: kitu hiki ni cha nani? Niliwahi kufuatilia shimo moja la barabara, shimo la kuzamisha tuktuk, upande wa bara. Ofisi ya kwanza ikaniambia, "Hiyo si yetu, ndugu." Ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza. Siku ya tatu nikakutana na karani mmoja wa makamo aliyenichorea mstari kwenye karatasi: barabara kuu za kitaifa zina mamlaka yake, barabara kubwa za mjini zina mamlaka nyingine, nayo pia ya kitaifa, na kaunti inabaki na njia za mitaani. Shimo langu lilikuwa mahali njia ya mtaa inapokutana na barabara kubwa. Lilikuwa la wote wawili, maana yake si la mtu.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi hizo. Kaunti ina barabara za kaunti, taa, mitaro ya mvua, takataka, maji na majitaka, upangaji wa mji na nyumba. Serikali ya kitaifa ina barabara kuu, bandari, reli, na sera ya nyumba. Kwa hiyo bunge la Mombasa haliamui habari ya Daraja la Nyali, wala barabara ya Dongo Kundu, hata kama maisha ya wapiga kura wake yanakwenda na kurudi humo kila siku. Linaweza kulalamika kwa hoja, na hulalamika.

Maji yanaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Kampuni inayouza maji mjini ni ya kaunti. Lakini maji yenyewe hutoka Mzima kule Tsavo, Baricho huko Kilifi, Marere na Tiwi zilizoko Kwale, yote nje ya mipaka yetu, na huletwa kwa jumla na shirika la kitaifa. Kaunti inaweza kulaza mabomba mapya Kisauni nzima, ikazindua, ikakata utepe. Kitakachopita ndani ya mabomba hayo kimeamuliwa kwingine. Mama anayenunua mitungi kwa mkokoteni analaumu jengo moja, na lawama yake ni nusu ya haki.

Nyumba zina mambo yake. Kaunti ilirithi kutoka manispaa mitaa ya nyumba za kupangisha, mingine iliyochakaa vibaya. Buxton ndiyo iliyovuma. Nyumba za zamani zaidi ya 500 zilivunjwa, na mahali pake pakapangwa ghorofa zenye nyumba zaidi ya 1,800, kaunti ikitoa ardhi na mwekezaji binafsi akitoa mtaji. Wapangaji wengine walikwenda mahakamani. Ukitaka kuelewa maana ya uamuzi wa baraza, hapa ni darasa zuri. Hakuna aliyebisha kwamba majengo yalikuwa mabovu. Waliokuwa wakikaa humo walitaka kujua nani atarudi, na kwa bei gani. Swali hilo halijibiwi katika mpango wa miaka mitano wala katika mchoro wa ghorofa. Hujibiwa ndani ya mkataba kati ya kaunti na mwekezaji, na mkataba huandikwa na watendaji, si na wawakilishi wadi. Bunge kazi yake ni kuusimamia na kuuliza, na linaweza kuuliza vizuri au vibaya. Zile nyumba za bei nafuu za serikali ya kitaifa, ambazo tangu sheria ya 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, ni mkondo mwingine kabisa, ingawa mara nyingi kaunti huhusika kwa kutoa ardhi.

Lakini sehemu kubwa ya watu wetu hawakai nyumba ya kaunti wala ghorofa la mwekezaji. Wanakaa kwenye kile kinachoitwa nyumba bila ardhi. Mtu ana nyumba yake, ameijenga kwa jasho lake, anaweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha chumba kimojakimoja. Ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa kodi ya ardhi. Mambo haya yana mizizi mirefu katika mwambao, tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyoandikisha mashamba makubwa kwa majina ya wachache. Majengo, Mwembe Tayari, Kisauni, ukiuliza utaipata.

Sasa jaribu kutia mpangilio wa mji juu ya hali hiyo. Idhini ya kujenga huombwa na mwenye ardhi, au kwa ridhaa yake. Mwenye nyumba hana hati, kwa hivyo mchoro wake haupiti, kwa hivyo anaongeza chumba usiku wa kuamkia Jumapili, kwa hivyo kwenye ramani ya mpango chumba hicho hakipo, na bomba la majitaka linapangwa kana kwamba hapo hakuna watu. Mimi naona hapa ndipo maamuzi ya mji huu yanapogonga mwamba, kuliko kwenye ukosefu wa pesa. Bunge la kaunti haliwezi kumpa mtu hati. Ardhi ya watu binafsi iko chini ya sheria za kitaifa na mahakama.

Na raia? Katiba, kifungu cha 196, inalilazimisha bunge la kaunti kufungua milango yake na kuwashirikisha watu. Kwa vitendo ni mkutano katika ukumbi wa kijamii, asubuhi ya siku ya kazi, tangazo limetoka gazetini juzi yake, waliohudhuria ni walewale, na soda ikishanywewa kila mtu huandika jina na nambari ya kitambulisho. Ni rahisi kuicheka. Ila mahakama haziichukulii kama mchezo: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ile orodha ya majina unayotia sahihi kwa haraka ili ukapande matatu, ndiyo ushahidi kwamba uliulizwa. Aliyekwenda hapo bila kuisoma hoja ameshakubali kitu. Na aliyetaka kuisoma akanyimwa ana Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: unaandika ombi, ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu.

Imebaki idhini, yaani ghorofa la jirani. Anayetaka kujenga, au kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi kuwa biashara, huomba kwa kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mjini Kale huongezeka mlango mmoja, ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa sababu ya roshani na milango ya nakshi; mtu hawezi kuamka tu akang'oa roshani ya babu yake akatia dirisha la aluminiamu, ingawa wapo waliojaribu. Ombi halipigiwi kura na bunge. Huamuliwa na waziri wa kaunti, baada ya wataalamu kutoa maoni. Na kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: mwombaji asipopata jibu kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Kimya cha ofisi nacho ni uamuzi.

Jirani asiyeridhika anaweza kukata rufaa, si mwombaji peke yake. Rufaa hupelekwa kwenye kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango, na kutoka hapo mtu anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Muda wa kufika kwenye kamati hiyo ni siku 14, na zinahesabiwa tangu siku uamuzi ulipotolewa, si tangu asubuhi ulipofungua dirisha ukakuta ploti ya jirani imezungushiwa mabati.