Samaki Ameumia? Usimwage Maji Yote

Samaki wa dhahabu akichanika pezi au kubanduka magamba, wengi hukimbilia ndoo: maji yote yanamwagwa, changarawe zinasuguliwa, sifongo ya filta inaoshwa kwa maji ya bomba hadi itakate. Nia ni kumkinga na vijidudu. Kinachotokea ni kinyume.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na amonia ni sumu. Ule utelezi wa kahawia kwenye sifongo, unaoonekana uchafu mtupu, ndimo wanamoishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali sana. Klorini ya bomba inawaua. Siku chache baadaye maji ni maangavu kabisa, ila amonia imepanda, na mgonjwa anahema juu juu.

Badilisha robo ya maji tu, yawe na joto lilelile na yameondolewa klorini. Sifongo ikamue ndani ya maji ya zamani uliyochota tangini. Wenzake wanaomdonoa watenge.

Chumvi je? Inasaidia, maana kidonda huvujisha chumvi za mwili na kuingiza maji. Gramu 1 hadi 3 kwa lita, ikayeyushwe kwanza, humpunguzia samaki kazi ya kusawazisha hayo. Ya kukadiria kwa kiganja, hapana!

Antibiotiki nazo zisubiri: pezi ambalo shina lake halijaguswa huota lenyewe. Ukingo mwembamba unaopitisha mwanga ni nyama mpya, si ukungu. Ukungu hufanana na pamba.