Maana ya ushirikiano wa kiraia na kijeshi katika anga za juu

Ushirikiano wa kiraia na kijeshi katika anga za juu ni hali ambapo taasisi za raia na majeshi hutumia roketi, setilaiti, vituo au wataalamu wale wale, ingawa kila upande una shabaha yake. Raia hutaka kuchunguza nyota, mvua na mashamba. Jeshi hutaka mawasiliano, upelelezi na kujua vikosi vyake viko wapi. Chombo chenyewe hakivai sare, kwa hiyo la kuuliza ni nani anayekiamuru, nani anayekilipia na nani anayepata takwimu zake.

Sisi wa Malindi mfano tunao karibu. Ukisimama ufukweni Ngomeni utayaona majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu baharini: ni ya San Marco, kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la mwasisi wake, Luigi Broglio. Broglio alikuwa profesa wa chuo kikuu mjini Roma na papo hapo afisa wa Jeshi la Anga la Italia, yaani pande zote mbili zilikutana ndani ya mtu mmoja. Roketi zake za Scout zilitoka Marekani, ambako zilitumika pia kurusha setilaiti za jeshi la wanamaji za kuongozea vyombo baharini. Huku kwetu zilibeba sayansi: tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, iliruka setilaiti ya NASA ya kupima miale ya eksirei itokayo angani, ikapewa jina la Uhuru.

Kenya nayo iliunda Shirika la Anga za Juu mwaka 2017 na kuliweka chini ya Wizara ya Ulinzi, ilhali setilaiti yake ya Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilikusudiwa kilimo na mazingira.

Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, umo mkononi mwa nahodha. Kifaa cha GPS kinachomrudisha penye mwamba ule ule alikovua jana hupokea mawimbi ya setilaiti za jeshi la Marekani, jeshi ambalo hadi Mei 2000 lilikuwa likivivuruga kwa makusudi vipimo wanavyopata raia. Nahodha hakuulizwa vilipovurugwa, wala hakuulizwa vilipoachwa vinyooke.