Kwa nini redio hukoroma ukichomeka chaja?

Babu yuko barazani Temeke na redio yake ya betri, anatafuta stesheni ya masafa mafupi. Mjukuu anachomeka chaja ya simu ndani, na redio inaanza kukoroma kama mashine ya kusaga. Lakini redio yenyewe haijaunganishwa na umeme! Mkoromo umefikaje?

Umeme wa nyumbani ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Chaja huugeuza kuwa wa mkondo mmoja, kisha huukatakata mara makumi ya maelfu kwa sekunde ili itumie transfoma ndogo. Ukataji huo huzaa mawimbi yanayopanda hadi masafa ya redio. Chaja nzuri ina kichujio ndani, yaani vipuri vya kuzuia mawimbi hayo yasitoke. Ukifungua ya bei poa, mara nyingi utakuta nafasi ya kichujio kwenye bodi imeachwa tupu. Kelele inarudi kwenye nyaya za ukutani, nazo zinageuka antena.

Ndiyo maana kichujio hufungwa karibu na chaja, si kwenye redio. Wengi hukosea hapo.

Njia rahisi ya kutengeneza kichujio ni pete ya feraiti, aina ya kauri inayovutwa na sumaku, ya rangi ya kijivu iliyokoza. Chukua waya mzima wa ekstensheni unayochomekea chaja, usiuchune, uzungushe kwenye pete mara nane au kumi. Umeme wa matumizi huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, hivyo sumaku zao hufutana, pete haiuoni umeme huo. Kelele nyingi hupita nyaya zote mbili kwa mwelekeo mmoja, nayo ndiyo inayobanwa. Na mizunguko ina faida kubwa: mitatu hubana mara tisa ya mmoja. Ila zile pete za njano na nyeupe za pawasaplai za kompyuta ni unga wa chuma, hazifai sana kwa kazi hii.

Ukitaka kuongeza kapasita (kipuri kinachopitisha kelele kwa njia ya mkato) kati ya waya wa moto na nyutro, mwachie fundi umeme. Iwe yenye maandishi X2, daraja la usalama kwa kazi hiyo, ikae baada ya fyuzi. Ya kawaida ikipiga shoti inaweza kuwasha moto. Kapasita za kwenda ethi ni daraja Y, na kama ethi yenu ni jina tu, haijafika ardhini, boksi la chuma la kichujio litakutekenya vidole kwa umeme.

Kabla ya yote, zima swichi kuu usikilize. Redio ikiendelea kukoroma, chaja ni ya jirani. Beba pete yako ukapige hodi.