Tyubu Ikiwaka Papo Hapo, Usishangilie Bado

Mtu akibonyeza swichi na tyubu ya floresenti (taa ndefu ya kioo yenye gesi ndani) ikawaka papo hapo, husema balasti, yaani kifaa kinachoiwasha na kudhibiti umeme wake, ni nzuri. Mimi kasi hiyo hunitia shaka. Ninachotaka kujua ni kama filamenti (waya nyembamba za ndani ya tyubu) zilikuwa zimeshapata moto umeme ulipopenya gesi.

Kila ncha ya tyubu ina filamenti ya tangsteni iliyopakwa oksidi za bariamu, strontiamu na kalsiamu. Mpako huo ukiwa moto hutoa elektroni bila shida. Ukiwa baridi, volti kubwa huzing'oa kwa nguvu, ayoni (chembe za gesi zenye chaji) huigonga filamenti, na kila mwasho hubandua mpako kidogo. Ule weusi kwenye ncha za tyubu iliyochoka unatokana na hayo.

Balasti za kuwasha papo hapo hurusha volti zipatazo 600 bila kupasha kwanza. Taa ikiwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, hakuna neno. Kwenye ngazi zenye kitambuzi cha mwendo, tyubu haidumu.

Joto la filamenti nalipima kupitia ukinzani, kwa sababu ukinzani wa tangsteni hupanda inapopata moto. Kwanza nailaza tyubu saa kadhaa kwenye nyuzi 25 za sentigredi, kisha napima ukinzani wa filamenti ikiwa baridi kwa waya nne, maana ni omu chache tu na waya za mita zenyewe huvuruga hesabu. Halafu nawasha balasti, na kwenye oskiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya umeme, nagawanya volti za filamenti kwa mkondo wake pale upashaji unapokwisha. Ukinzani wa moto uwe angalau mara 4.25 ya ule wa baridi, yaani karibu nyuzi 700. Balasti nzuri hufika hapo ndani ya sekunde moja hivi.

Tafadhali, usibane waya wa ardhi wa probu (waya wa kupimia) ya kawaida ya oskiloskopu kwenye filamenti. Pande zote mbili zina umeme, na utaunguza balasti au oskiloskopu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha klampu ya mkondo, koleo linalopima mkondo bila kugusa shaba: naizungushia waya zote mbili za ncha moja kwa pamoja. Mkondo wa kupasha huenda na kurudi, hivyo hujifuta, na kinachobaki ni ule unaopita ndani ya gesi peke yake. Wakati wa kupasha, mkondo huo wa gesini unapaswa kuwa karibu na sifuri. Niliwahi kupima balasti iliyopata uwiano mzuri kabisa wa ukinzani, lakini klampu ikaonyesha mkondo ukipenya gesini tangu mwanzo, filamenti zikiwa bado baridi. Nikaikataa.