Kabla hujaweka dole gumba kwenye maelezo ya onyo

Katika Wiki ya Sheria, mama mmoja alituletea bandani nakala ya maelezo ya onyo ya mwanawe, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba halazimiki kujibu. Kurasa nne, mwandiko wa mpelelezi, na chini ya kila ukurasa dole gumba la wino wa bluu. Kijana huyo amemaliza kidato cha nne, anasoma na kuandika vizuri. Tukamuuliza mama ilikuwaje akaweka dole. "Aliambiwa aweke upesi ili atoke." Hakutoka. Mahakama ilikwisha kuyapokea maelezo hayo kuwa kielelezo, yaani sehemu ya ushahidi, na hakuna aliyeweka pingamizi.

Malalamiko ya namna hii yamekuwa mengi katika dawati letu la msaada wa kisheria, ndiyo maana tunaandika.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 ya Sheria za Tanzania, inamtaka ofisa wa polisi, kabla ya kuanza mahojiano, amweleze mtuhumiwa yeye ni nani, kosa analotuhumiwa ni lipi, na kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa linalohusu jina na anwani yake. Kukataa kutaja jina si kutumia haki ya kunyamaza. Alama za vidole nazo haziingii humo: ukiwa chini ya ulinzi halali, polisi wanaruhusiwa kuzichukua. Una haki pia ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ofisa anaweza kuzuia mawasiliano hayo akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mshirika atatoroka au ushahidi utaharibiwa.

Suala linalochanganya wengi ni muda. Ipo saa 4 na ipo saa 24, na watu wanazikoroga pamoja. Saa 4 ni muda wa msingi wa kumhoji mtuhumiwa, kuanzia alipowekwa chini ya ulinzi. Zikipita, haina maana kwamba unafunguliwa mlango uende nyumbani. Ofisa msimamizi wa upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa 8, na zaidi ya hapo hakimu ndiye anayeombwa. Katika kuhesabu, muda wa kukusafirisha hadi kituoni hautiwi, wala muda wa kumsubiri wakili wako. Saa 24 ni habari nyingine: ni muda wa kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana ya polisi. Kwa kosa lenye adhabu ya kifo, sheria inataka ufikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo.

Na dhamana ya polisi hailipiwi. Tunalisema hili kila mwaka, na kila mwaka tunakutana na mtu aliyeuza mbuzi.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Mahojiano yakiisha, ofisa anapaswa kukupa maandishi uyasome, au akusomee kama hujui kusoma, na akuulize kama unataka kusahihisha au kuongeza chochote. Masahihisho yako yaandikwe. Kisha ndipo unathibitisha kwa saini, na ofisa naye anathibitisha kwa saini yake. Unaruhusiwa pia kuandika maelezo kwa mkono wako mwenyewe. Anayejua kuandika asikubali kuweka dole gumba kwa sababu tu kidau cha wino kiko karibu. Ukiwa umejeruhiwa, omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe. Itabaki kuwa kumbukumbu.

Wapo wanaosema, "Nitasaini tu, mahakamani nitakana." Tafadhali tuache kudanganyana. Ni kweli kwamba upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kuwa ungamo, yaani maelezo ya kukiri kosa, lilitolewa kwa hiari. Ni kweli pia kwamba ukipinga, mahakama husimamisha kesi ya msingi na kuchunguza kwanza namna maelezo yalivyopatikana. Lakini pingamizi hilo linatakiwa kabla kielelezo hakijapokelewa. Mahakama hupenda kupata ushahidi mwingine wa kuliunga mkono ungamo lililokanwa, hata hivyo inaweza kumtia mtu hatiani kwa ungamo hilo peke yake ikiridhika kwamba ni la kweli. Wala si kila kasoro ya utaratibu inafuta maelezo. Hakimu au jaji hupima uzito wa kasoro hiyo.

Ukipelekwa kuandikisha ungamo kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, atakuuliza kama umepigwa, umetishwa au umeahidiwa kitu, na atakagua mwili wako. Hapo ndipo pa kusema. Watu wananyamaza mbele ya hakimu aliyewauliza waziwazi, halafu miezi sita baadaye wanaonyesha makovu.

Tulimuuliza yule mama mwanawe alikamatwa saa ngapi. Hakusita: alikuwa anatoka msikitini, swala ya alasiri. Kwenye ukurasa wa kwanza, mpelelezi ameandika kwamba alianza kuandika maelezo saa 4:20 usiku. Karatasi ya kuongeza muda hatukuiona kwenye jalada alilotuletea. Tumeiweka hoja hiyo katika sababu za rufaa, ingawa ingekuwa rahisi zaidi kuisema siku ile kielelezo kilipoletwa mezani.